Umbali wa Mkono

Kila dakika kumi naandika nani kaketi na nani.
Ndiyo kazi yangu, msitu wa Rau:
penseli, maana wino hulia mvua ikinyesha,
buti za marehemu, soksi jozi mbili zisinivuke.
Safu ya kwanza, jina. Ya pili, jirani
aliye umbali wa mkono.
Asiye na jirani, kistari.

Mbega hawana haraka. Wakishashiba majani
hukaa na matumbo yao
kama wajumbe waliokwishalipwa posho.
Nimewapa majina: Kovu, Shuka, Mama Foleni,
na Tepe, jike aliyekatika mkia.

Masika yale tai alimnyakua mtoto wa Tepe.
Tepe, kistari. Tepe, kistari.
Ukurasa mzima kama mshono wa kiroba.
Kovu naye kistari, tangu wamfukuze kundini,
lakini Kovu alikuwa dume la miraba minne,
meno kama misumari ya bati.

Nilijua nani atakufa. Hata wewe ungejua.

Julai baridi ikateremka mlimani, ukungu hadi Njoro.
Nikamkuta Kovu chini ya mvule,
hana jeraha, meno yote yapo.
Bwana mifugo akamfunua kope, akaandika: baridi.
Fomu yake haina safu ya jirani.

Na Tepe? Shuka alishuka matawi mawili.
Hakufanya la ajabu. Aliketi.
Kesho yake akaanza kumchambua manyoya ya kisogo,
pale ambapo mtu hajifikii mwenyewe.
Nikafuta kistari kwa nguvu hadi karatasi ikachanika.

Jioni, Majengo. Chumba kimoja.
Tangu tumzike Elinami, nafunga mlango kabla ya giza.
Mama Ndewario wa chumba cha pili hubisha hodi;
nazima redio, nabana pumzi
mpaka kandambili zake zirudi zilikotoka.

Siku hiyo sikuizima.
Akaingia na bakuli la kiburu, kimepoa,
akasema chumvi imezidi, tumvumilie,
akavuta stuli akakaa.
Hakuniuliza neno. Alilalamikia bei ya mkaa,
kisha hata mkaa ukaisha.

Kwa mazoea nikatazama saa.
Nikanyoosha mkono kupokea kijiko.
Ukafika.