Upindue Huu Mti

Niliitwa saa tatu, Ngamiani ghorofani,
Nikawakuta watatu, kalamu zi mkononi,
Hawakuuliza kitu, nilichounda zamani,
Wakanena, “Huu mti, upindue ubaoni.”

Mti huo wa nambari, vifundo vina vitoto,
Niliusoma, nakiri, mwaka juzi, leo ndoto;
Simu mezani tayari, yahesabu; jasho, moto,
Na mkono wa kulia, ukawa ni wa kushoto.

Kule Pongwe kwa mkonge, mizani niliandika,
Bunda jembamba na bonge, kwa kilo hupambanuka,
Umeme uwe mnyonge, hesabu huhifadhika,
Mwaka wa tatu u huu, bado haijaanguka.

Nikaanza kuyasema, Mhina akanikata:
“Hayo ni mazuri, mama, ila mti hujapata.”
Jibu naye alisoma, karatasini kakuta,
Imechapwa leo leo, wino bado wa kunata.

Kwenye ngazi nikashuka, simu ikalia: Kombo.
“Risiti mbili zatoka, dereva aja na fimbo!
Foleni imeshafika, hadi lango, kuna mambo!”
Nikafungua mashine, palepale, bila pambo.

Nikamuuliza lini, kitufe nani kagusa;
Akanong'ona, “Mgeni, karani mpya, Karisa.”
Mstari mmoja ndani, nikatia, bila kosa,
Malori yakasogea: risiti moja, na pesa.

Barua yao jioni: “Hujaiva kwa vitendo.”
Mti nimewaachia, mizizi i juu bado.