Mistari Miwili ya Chini

Ijumaa, tukishakula wali na papa,
Mama huuvuta mto wake mbele ya televisheni
katika sebule yetu ya Mabela.
Kiyoyozi kinanguruma, nje lami imelainika.
"Niwekee wale Wakorea," husema,
"wale wanaolia bila ya kupiga kelele."

Kikorea hatukijui, si yeye si mimi.
Chini ya nyuso zao hupita Kiarabu,
mistari miwili, myeupe, ina haraka
kama watu wanaovuka barabara kuu ya Sibu.

Herufi Mama anazijua. Alizisomea Wete,
juu ya mkeka, kwa bakora na kwa mabumunda,
akakhitimu mara mbili.
Basi huyasoma maandishi kwa sauti,
kwa tajwidi, akivuta panapovutwa,
hata askari anayeomba sigara
husikika kama anaomba toba.
Lakini maana haipati. Herufi humfungulia mlango,
na ndani hamkuti mwenyeji.

Mwenyeji ni mimi, niliyesoma skuli hapa.
Yeye husoma, mimi hufasiri,
na filamu haingoji mtu.
Bahati Kiswahili chetu kinajua kufunga mzigo:
wasingalitutenganisha.
Neno moja, na ndani yake wamo wao, tumo sisi,
na umo wakati ambao haukutokea.
Nalirusha, linatua, mstari umeshaondoka.

Mengine nayaruka. Mengine nayavisha nguo.
Busu: "Wanaagana."
Pombe: "Sharubati hiyo."
Mama hunitazama kwa pembe ya jicho.
"Sharubati gani inayomwangusha mtu?"

Ijumaa iliyopita alikuwako mama muuza supu,
unga umemganda vidoleni, simu sikioni,
na mwanawe upande wa pili, mji wa mbali, mvua.
Kijana alisema jambo, polepole.
Mistari miwili ikapita.
Nikasema: "Amechelewa basi. Anasema atakuja kesho."

Mama alikuwa hajamaliza kusoma.
Akaichukua rimoti, akaisimamisha filamu.
Yule mwanamke akabaki mdomo wazi.
Mama akanyoosha kidole hewani,
akarudi kinyumenyume, herufi baada ya herufi:
fa, ra, alif, qaf.

"Firaki," akasema.
"Faraka. Kufarakana.
Hili silo la kufasiriwa, mwanangu.
Hili tulikuwa nalo Pemba wewe hujazaliwa.
Baba yako na nduguye walifarakana
kwa mikarafuu minane,
na hapakuwa na mtu wa kutuandikia chini."

Nikainama, nikaokota punje ya wali kwenye zulia,
punje moja, kwa muda mrefu.

"Midomo ya yule kijana," akasema, "haikusema kesho.
Kesho nimeiona mara nyingi,
mtu akiisema macho yake hutazama mbele."

Kisha akanyamaza, na kiyoyozi nacho
kikafikia baridi yake, kikazima.

"Na Mundhir?"

Mundhir yuko Doha, huu mwaka wa tatu.
Sikukuu hii hakupiga simu. Aliandika,
kwenye simu yangu, si kwenye ya Mama,
nami nilimsomea Mama jikoni, vitunguu vikiungua:
"Anakusalimu sana. Mfunguo Tatu atakuja."
Mama alisema alhamdulillahi,
akaongeza chumvi mara ya pili.

"Nipe," akasema, mkono wazi.

Sikuwa na pumzi ya kufunga mzigo wowote.
Nikautafuta ujumbe, nikampa.
Akaisogeza simu mbali, karibu, mbali tena,
mpaka herufi zikatulia.
Kiarabu, mistari miwili.
Akaanza kusoma kwa sauti,
kwa tajwidi, akivuta panapovutwa,
taratibu, hakuna kinachopita, hakuna kinachomkimbiza.

Nami niko hapa, mikono magotini,
namngoja aniulize maana.
Amefika mwisho. Haniulizi.
Anarudi mwanzo.