Hati Mkato

Mimi Eulalia Toaquiza, mwandishi wa hati mkato,
miaka ishirini na sita chini ya jukwaa la Spika.
Nimeandika matusi, nimeandika viapo,
nimeandika (makofi), nimeandika (kicheko),
na siku moja, kwa kuwa kanuni haina alama yake,
sikuandika kwamba mbunge alilia.

Asubuhi ile Quito ilizama ukunguni.
Pichincha haukuonekana.
Muuza uji wa mahindi pale kona akasema:
leo hata mlima umeomba udhuru.

Mheshimiwa Amable Chiluisa alisimama
akazungumzia bomba.
Si uchumi, si mustakabali wa taifa: bomba,
la inchi nne, kilomita tisa kutoka chemchemini
hadi kijiji ambako watoto huenda shule na madumu matupu
na kurudi nayo yamejaa, bega moja chini kuliko jingine.
Alikuwa amefika kwenye, "Na tukipitisha kifungu hiki cha"

mlango wa pembeni ukafunguka.

Bahasha moja, karatasi moja.
Nilidhani kitu cha kuua Bunge kingekuwa kizito.

Ibara ya mia na arobaini na nane naijua kwa ghibu,
kama wengine wanavyojua namba ya simu ya hospitali:
Rais aweza kulivunja Bunge
likijitwalia kazi isiyo yake,
likiukwamisha mpango wa maendeleo mara kwa mara,
au nchi ikichafuka.
Nani hupima kuchafuka? Yeye.
Wanasheria huinua kidole:
lakini sheria ni msumeno,
hukata mbele, hukata nyuma;
avunjaye Bunge amekivunja na kiti chake,
wote warudi kwa wapiga kura mikono mitupu.
Ni kweli.
Ila msumeno una mpini,
na mpini uko upande mmoja.
Miezi yote ya kungoja, yeye hutunga sheria za uchumi
na Mahakama ya Katiba humjibu ndiyo au la,
huku sisi tukifunika viti kwa mashuka.

Sahihi iliandikwa saa: tatu na dakika kumi na moja.
Saa ya ukutani ilisema tatu na kumi na tisa.
Dakika nane, basi,
Chiluisa alisema akiwa si mbunge,
mbele ya Spika asiye Spika,
mkia wa mjusi uliokwisha kukatika,
ukicheza bado.
Na mimi niliyaandika yote.

Bwana Cevallos, mkuu wa idara, alikuja na kalamu nyekundu.
Si mtu mbaya. Alinong'ona:
"Kata kwenye kumi na moja, Eulalia.
Baada ya hapo hakuna aliyesema kitu."

Nikatazama ukurasa.
Kabla ya kumi na moja kulikuwa na shukrani tu,
na salamu kwa akina mama waliokaa roshani.
Bomba lote limo ndani ya dakika nane.

Nilikata. Nina binti chuoni, nina deni la benki.
Kumbukumbu rasmi yasema, "Asante, Mheshimiwa Spika,"
kisha karatasi inakuwa nyeupe.

Kwenye ngazi nilikutana na mmoja wa wale wa roshani,
kofia ya manyoya, shali ya rangi ya damu ya mzee,
saa nane ndani ya basi kuja kusikiliza.
"Limepita?"
"Rais amelivunja Bunge, mama."
Akafikiri kidogo.
"Na bomba?"
Sikujibu.
"Basi bomba halikuvunjwa," akasema, akifunga shali,
"maana hata kulazwa halijalazwa."

Akashuka.
Kazi ilikuwa imekwisha, daftari limefungwa,
lakini kidole changu kiliyaandika maneno yake
juu ya paja, kwa hati mkato,
na safari hii sikutazama saa.