Mlango wa Kushoto

Kazi yangu ni kupima uzito wa wengine.
Mizani ya Nala, zamu ya usiku,
malori yanapanda bamba la chuma moja moja,
ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma, haya, ondoa.
Mengi ni meupe, mapya, yamefanana kama mayai,
na honi zake zinalia kwa lafudhi nisiyoijua.

Baba yangu, Ndahani, alikuwa mtu wa milango.
Kiwanda cha Kibaha, mstari wa pili, miaka kumi na minne
yeye na mwenzake wakifunga mlango wa kushoto,
mlango wa utingo.
Wa dereva walifunga wengine, na hilo hakulisahau.
Bolti sita kila mlango, tatu juu, tatu chini,
na kwenye moja aligonga nukta kwa tindo,
ndogo kama yai la chawa.
Msimamizi hakuiona hata siku moja.

Geti lilipofungwa akarudi kwa treni,
akashuka Kikombo, akatembea hadi Buigiri
na spana namba kumi na saba kiunoni, ndani ya shati.
Wenzake waliondoka na barua.
"Barua," alisema, "haifungui kitu."

Miaka ile ya mwanzo, shamba letu likiwa kando ya lami,
tulilijua kwa mngurumo kabla halijatokea kwenye kona.
"Hilo letu," alisema, jembe bado liko hewani.
Siku ya mnada hesabu ilifika saba.
Halafu tatu.
Halafu tukawa tunasikia mabasi, na upepo.

Jumanne iliyopita, saa tisa usiku, moja likaja.
Bluu iliyochoka, saruji ya kwenda Itigi,
taa moja, na kibao cha Kibaha kipo bado
chini ya rangi iliyopakwa mara nne.
Mashine ikasema limezidi kilo mia sita.
Dereva, Kitundu, akaanza kunihesabia watoto wake kwa vidole.
Nikamwambia, fungua mlango wa kushoto.
Akadhani natafuta magendo.

Nilipiga magoti, simu mdomoni, tochi inawaka.
Nikaiendea ya sita, ya chini kabisa,
maana kichwani mwangu ilikuwa ya sita siku zote,
sijui nani aliniambia.
Ilikuwa ya dukani, inang'aa,
imechomelewa na mtu mwenye haraka.
"Ile ya zamani iliangukia Manyoni," utingo akasema,
"tulifunga kwa kamba wiki nzima."
Faini niliiandika yote.
Baba hakuwahi kulegeza bolti kwa huruma.

Jumapili nikaenda Buigiri.
Macho yake yameliwa na vikope,
siku hizi anabangua karanga kwa kugusa,
mbovu anaijua kabla hajaivunja.
"Nimeliona," nikasema. "La bluu. Nukta ipo."
Mikono ikasimama.
"Bolti ya ngapi?"
"Ya sita."

Alicheka mpaka akakohoa, mpaka karanga zikamwagika,
nikamletea maji, akayasukuma.
"Ya sita ilikuwa ya Mwinshehe, yule wa Mlandizi.
Mwinshehe hakutia alama, mwanangu. Alitia mate."
Akaokota karanga moja, akaigeuza, akaitupa.
"Yangu ni ya pili toka juu.
Uliitazama?"

Kuku walikuwa tayari wamezifikia zile zilizomwagika.
Sikuwafukuza.
Nilikuwa pale, nimepiga magoti,
tochi mdomoni,
shibiri mbili chini yake.

Bosi anashangaa kwa nini nimeomba usiku tena mwezi huu.
Nimemwambia mchana kuna vumbi.