Saa ya Wete

Koti lilitundikwa miaka mitatu dukani kwa Haroub,
zito kama godoro lililonyeshewa,
ukosi wake manyoya ya mnyama asiyejulikana.
Watoto wakitoka chuoni walijificha ndani yake.
"Lilikuja na mtumba," alisema Haroub,
"sikujua kama lina mwenyewe."
Akaliachia kwa elfu nane, na soksi akaongeza bure.

Mwenyewe ni Shaame, mume wangu,
fundi wa mafriji na majenereta,
aliyelifufua friji langu mara kumi
ili niwauzie barafu za ukwaju watoto wa skuli.
Sasa kaitwa kusini, ramani inapoishia,
akalinde jenereta la watu wanaopima upepo
na kuchimba barafu kongwe, wanaisoma kama chuo.
Jirani yangu Bi Mgeni alicheka akashika ukuta:
"Fundi wa friji kenda kuishi ndani ya friji!"
Nami nikacheka.
Usiku sikucheka.

Boti ya Mkoani hadi Unguja,
ndege hadi mji wa mwisho wa Afrika,
na huko meli nyekundu, tumbo nene,
iliyoundwa ipasue.
Siku kumi na tatu.
Nilimtilia karafuu mfukoni mwa koti,
kiganja kizima, kavu, zinazolia ukizivunja,
maana tumbo la Mpemba hujigamba bandarini tu.

Siku ya nne sauti yake ikaja simuni, vipande vipande:
"Mize, nimetapika mpaka maziwa ya mama.
Bahari hii haina adabu.
Mawimbi yanakuja kama nyumba zinazohama."
Siku ya tisa:
"Tumepita ubavuni mwa mlima unaoelea.
Juu mweupe, chini ya maji buluu
kama wino wa skuli.
Meli inasaga barafu usiku kucha,
mlio wake kama wewe ukikuna nazi."

Hiyo niliirudia mara tano.
Jioni ile nilikuna nazi polepole,
nikisikiliza.

Kisha, alipokwishafika, akauliza:
"Huku jua halizami.
Linazunguka ukingoni kama mbuzi aliyefungwa kamba.
Saa moja, Mize, ni saa moja tangu nini?
Wenzangu wana saa yao,
inaanzia katikati ya usiku,
na usiku wenyewe haupo.
Kucha na kuchwa,
kwetu tofauti yake ni kukunja midomo kidogo.
Huku hata midomo haikunjiki,
imepasuka."

Sikwenda kumuuliza mtu.
Nilitoka uani na simu mkononi,
saa kumi na mbili na nusu, pale Jadida,
nikangoja mpaka ukuta wa jirani ukapoteza wekundu,
nikasema: "Shaame, limekuchwa.
Time kashaingiza kuku."
Nyuma yangu adhana ikaingia yenyewe, bila kualikwa.

Tangu hapo kila siku namtumia magharibi yake.
Anasema anasali jua likimchoma shavu,
kibla kile kile cha kwetu, kaskazini,
na wenzake wamezoea:
wakiona anavua glavu,
wanajua Pemba kumeingia giza.
Mwezi wa sita, anasema, jua litaondoka kabisa.
"Hapo utanitumia asubuhi."
Nimeanza kujizoeza kuamka mapema.
Wanaoamka mapema kumbe ni wengi:
waoka mkate, paka, na mie.

Juzi kanipigia, anacheka peke yake.
Karafuu zilitoboa mfuko zikaingia kwenye bitana.
Alipozisaka akatoa na gololi,
ya kijani, ina mstari mweupe tumboni.
Ameiweka dirishani, nje dunia yote maziwa.
"Waulize," kasema, "ya nani?"

Nimewauliza watoto wa barafu, mmoja mmoja,
vifuko vinawatonea vidoleni.
Kila mmoja anaapa ni yake.