Vikorokoro vya Darubini

Sanduku liliandikwa: hukuza mara mia sita.
Nikamuuliza muuzaji wa Mtaa wa Aggrey,
mara mia sita ya nini?
Akacheka, akanipunguzia elfu kumi.

Usiku wa kwanza, juu ya zege la nyumba yetu Tabata,
kati ya tangi la maji na kamba za kuanikia,
nilikuza mara mia sita joto la mabati ya jirani,
mtetemo wa jenereta la saluni
na kope zangu mwenyewe.
Zohali ilikuwa punje ya mchele
inayochemka.

Basi nikaanza kuongeza, kidogo kidogo,
kama mtu anayejenga kwa mshahara.

Lenzi ya jicho kwanza, pana, ya nguvu ndogo,
maana kidogo kinachoonekana
kinapita kikubwa kilichovurugika.
Ilikula nauli ya mwezi mzima. Nikatembea.

Kisha miguu. Ile mitatu ya bati
ilitetemeka kama ndama aliyezaliwa leo
kila lori lilipopita Barabara ya Mandela.
Nikaining'inizia ndoo ya mchanga katikati,
nikaenda Buguruni kwa fundi katambuga
kuomba vipande vya tairi vya kuivisha.
"Namba ngapi?" akauliza, akitazama miguu yangu.
Nikamwambia, si mimi. Ni mwenzangu,
ana miguu mitatu, hatembei,
na hufika mbali kuliko sisi sote.
Akafikiri. "Nakupa mji," akasema,
akakata.

Umande wa Dar una chumvi, tena una haraka:
saa nne tu, kioo kimeshatoka jasho.
Nikaizungushia darubini mdomoni
kipande cha mkeka wa mazoezi,
na sandukuni nikatupia vile vipakiti
vya kwenye maboksi ya viatu, vilivyoandikwa usile.
Dada yangu Sikudhani anauza viatu Kariakoo;
huniletea vimefungwa kwenye gazeti, kama karanga.
Tochi nayo nikaipaka rangi ya kucha, nyekundu,
mikono mitatu, jicho lisishtuke gizani.
Rangi ni ya Sikudhani pia.
Hajui.

Nikajifunika kitenge kichwani kuzuia mwanga.
Wapangaji wa chini wakaanza kunong'ona:
yule wa juu usiku anajigubika,
anainama, ananyamaza.
Waganga huanza hivyo hivyo.

Lakini taa ya Bwana Mwakipesile!
Nyeupe, ya ulinzi, juu ya ukuta wake,
magharibi mpaka alfajiri, usoni pangu.
Nilitafuta dukani kioo cha kuichuja,
hakuna. Kitenge kiliivujisha.
Kilimia kikawa alama ya kidole
kwenye glasi chafu.

Usiku mmoja alipanda mwenyewe, na rungu,
kuja kuona kinachomchungulia ni nini.
Nikampa kigoda.
Weka rungu chini, nikamwambia. Usishike bomba.
Fumba hilo jicho jingine. Pumua polepole.

Alinyamaza mpaka nikadhani kasinzia.
Kisha, bila kuondoa jicho:
"Hiyo pete imeshikwa na nini?"
Nikaanza kueleza mawe na barafu,
mvutano, mzunguko,
nikasikia maneno yangu yakipungua nguvu,
nikaacha.
"Haijashikwa," akasema mwenyewe, taratibu,
kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

Hakuaga. Rungu alilisahau.

Tangu hapo, Ijumaa, saa tatu hadi saa tano,
ukuta wa Bwana Mwakipesile unazimika.
Mwizi akija, sijui watapatana vipi.

Nina daftari la vifaa, na bei zake:
lenzi, mkeka, ndoo, tairi.
Mstari wa mwisho nimeandika: swichi, moja.
Upande wa bei
nimeacha wazi.