Maji Ishirini na Tatu

Fomu inafungwa tarehe thelathini.
Leo ni kumi na mbili. Isevya haina umeme,
nimeisoma kwa tochi ya simu, mara tatu:
barua mbili za wadhamini
wanaokufahamu kikazi. Si ndugu. Si shoga.

Meneja alinipokea vizuri, akaagiza soda.
"Barua? Iandike mwenyewe, Nyanzala,
mimi nitagonga muhuri."
Nyanzala ni yule wa mapokezi.

Basi jana usiku nikakaa kujisifu.
*Ni mchapakazi.* Nikafuta.
*Ni mwaminifu kupita kiasi.* Kiasi gani? Nikafuta.
Kujisifu kwa mkono wa mwingine
ni kujipimia huku kidole kiko kwenye mzani.

Dada anasema mwaka huu, una thelathini na moja,
hiyo shahada utaisomea na mkongojo?
Mume wangu anasema mwakani, mtoto aanze chekechea kwanza.
Wote wawili wana haki,
ndiyo maana sijalala.

Kazini, mimi ndiye ninayekataa asali.
Ndoo inatoka Sikonge mgongoni mwa bodaboda,
nadondosha tone kwenye kioo, nakielekeza juani:
maji ishirini na tatu. Rudisha.
Mrinaji ananuna: asali si asali?
Hapana, baba. Umerina nyuki hawajaziba sega.
Itachacha ghalani, itafumua vifuniko usiku
na harufu yake nitaulizwa mimi.
Wapo pia waliongoja, wakangoja,
wakamkuta nyegere ameshiba.
Kalenda haikwambii. Unafunua mzinga, unatazama.

Nikamkumbuka Mpandachalo, mkaguzi.
Mwaka juzi tulibishana siku tatu
juu ya madebe arobaini niliyoyaandika mara mbili.
Kosa lilikuwa langu. Nililisema mbele ya bodi
sauti ikinikimbia,
kisha nikachora daftari jipya la mapokezi,
mistari kwa rula, safu ya kuhakiki pembeni,
ndilo wanalotumia mpaka leo.
Hatujawahi kunywa hata chai pamoja, mimi na yeye.

Nimempigia asubuhi. Alikuwa stesheni,
honi ya treni ya Mpanda ikimeza nusu ya maneno yangu,
ikabidi niombe mara mbili,
na mara ya pili ni ngumu zaidi.
"Nitaandika," akasema.
"Ila na yale madebe nitayaandika."

Nikanyamaza. Vocha inakwenda.
Nikahisi kidole kinainuka kwenye mzani.
"Yaandike," nikasema. "Yote arobaini."

Barua ya pili sijui bado.
Mume wangu sijamwambia tarehe.
Umeme umerudi, feni imeanza kulalamika,
na kwenye kisanduku cha kwanza, cha jina,
nimeandika kwa herufi kubwa, polepole,
kama ninayemfundisha mtu:
NYAMIZI.